Kinanda Kifuate Ngoma ya Kagera

Kwaya nyingi za Bukoba na Muleba hununua kinanda kwa njia ileile. Wanachama wanachangishana, harambee inafanyika Jumapili baada ya ibada, mnada wa ndizi na kuku unaongeza kidogo, kisha mwenyekiti na mweka hazina wanasafiri kwenda dukani. Wanarudi na boksi. Mpiga kinanda anaitwa kulifungua mbele ya watu, anapigiwa makofi, na siku hiyo ndiyo anakiona kwa mara ya kwanza chombo atakachokitumia kwa miaka kadhaa ijayo. Hakuulizwa anapiga nini, anapigia wapi, wala mkono wake umezoea nini. Utaratibu huo upo kwa Wakatoliki, kwa Walutheri na kwa Wapentekoste, na bendi za harusi nazo haziko mbali nao, kwa kuwa mwenye vyombo ndiye mwenye kauli.

Utaratibu huu unatugharimu, na gharama yenyewe haiishii kwenye fedha. Kinanda kilichonunuliwa bila mpigaji huishia kuupeleka muziki kule kilikotengenezewa. Wimbo uliotungwa Kamachumu kwa mwendo wa ngoma ya Kihaya unafika jukwaani ukiwa umenyooshwa na biti ya kiwandani, na baada ya misimu miwili ya harusi hakuna anayekumbuka ulikuwa unakwendaje mwanzo.

Dukani kinanda hujinadi chenyewe. Muuzaji anabonyeza demo na mashine inatoa bendi nzima: ngoma, besi, magitaa, tarumbeta, vyote vikiwa vimepigwa na wanamuziki hodari wa kampuni iliyokitengeneza. Anayesikiliza anadhani amesikia kinanda, kumbe amesikia kilichorekodiwa ndani yake. Kisha anasomewa boksi. Yamaha PSR-E373, kinanda kidogo kilichotoka mwaka 2020, kina sauti 622 na staili 205, yaani midundo ya bendi iliyomo ndani. Idadi hizo zinatia moyo kamati ya ununuzi. Mpigaji wa Jumapili hatumii hata sauti ishirini.

Yanayomhusu yeye yameandikwa kwa herufi ndogo, kama yameandikwa. La kwanza ni noti ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. E373 inabeba 48. Zinaonekana nyingi mpaka uweke piano na sauti ya nyuzi kwa pamoja, ukanyage pedali, na staili iwe inapiga chini yake. Hapo kila unachobonyeza kinahesabiwa mara mbili au tatu, ngoma na besi zinachukua fungu lao, na noti za mwanzo zinaanza kukatika kabla hujaziachia. Wanakwaya hawajui kilichotokea. Wanachosikia ni kwamba wimbo umepwaya katikati. Yamaha MX61 au PSR-SX900 zinabeba 128, na tofauti hiyo utaisikia kwenye wimbo wa taratibu kuliko kwenye sebene.

La pili ni gurudumu la kupindisha sauti, lile dogo lililo upande wa kushoto wa vitufe. E373 haina. PSR-E473, iliyotoka miaka miwili baadaye, inalo. Anayepiga piano na ogani tu hatalikumbuka, lakini anayetaka kuiga filimbi, gitaa la solo au mwimbaji anayeteleza kutoka sauti moja hadi nyingine hawezi kufanya kazi bila hilo gurudumu. Muziki wetu umejaa kuteleza.

La tatu ni matundu ya nyuma, na hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Kinanda kidogo kina tundu moja linalotumika kwa hedifoni na kwa mitambo. Ukichomeka waya humo, spika zake zinanyamaza. Mpigaji aliyewekwa nyuma ya spika kubwa bila monita hasikii tena anachopiga, anaanza kukandamiza vitufe kwa nguvu, na fundi mitambo naye anapandisha sauti kwa kuwa kinachomfikia ni hafifu. Tatizo la pili ni kwamba tundu hilo ni la stereo, na waya unaouzwa madukani kwa ajili ya gitaa ni wa mono. Ukiuchomeka, upande mmoja wa sauti haufiki popote, nao ndio unaobeba nusu ya piano yako. Kinanda cha jukwaani kiwe na matundu mawili ya kutolea sauti, la kushoto na la kulia, mbali na la hedifoni. E473 inayo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipimo cha chini kabisa kwa kwaya inayotaka kutoka nje ya kanisa lake.

Swali kubwa zaidi ni aina ya mashine. Vinanda vinavyoletwa huku ni vya koo mbili, na watu wanazichanganya. Kuna arenja, yaani kinanda chenye staili, ambacho mkono wa kushoto ukishika kodi kinakupigia bendi nzima: mfululizo wa Yamaha PSR na wa Korg Pa ndio unaojulikana sana. Kuna pia sinthesaiza, ambayo haina bendi ya kukusindikiza kwa namna hiyo; kazi yake ni kutoa sauti na kukuruhusu uzikate, uzichanganye na kuzijenga upya: Roland Juno-DS, Korg Kross, Yamaha MX na MODX. Arenja nyingi zina spika zake. Sinthesaiza kwa kawaida haina, kwa hiyo kwaya inayoinunua bila kuwa na mitambo inajikuta na ubao wenye taa.

Mpigaji anayepiga peke yake kwenye send-off au mahafali, huku mwimbaji mmoja ameshika kipaza sauti, anahitaji arenja. Sioni sababu ya kumshauri vinginevyo. Bendi yenye mpiga ngoma, besi na gitaa inahitaji sinthesaiza, kwa sababu staili ikianza kupiga ngoma juu ya ngoma ya mtu, mmoja wao lazima apotee, na mashine haipotei. Kwaya ya Kikatoliki inayosindikiza Misa haihitaji staili hata moja. Inahitaji ogani nzuri, piano nzuri, vitufe vinavyoitika mkono na pedali ya kweli. Nimesikia staili ya disko ikiingia kwa bahati mbaya baada ya Mtakatifu kwa sababu kidole kiligusa kibonyezo kisichohusika, na kanisa zima likageuka nyuma.

Historia ya kinanda kwenye muziki wetu inaonyesha kwamba chombo hiki kina nguvu ya kusukuma vingine pembeni. Wamisionari walikuja na vile vya kukanyaga kwa miguu. Wakatoliki walifika Kashozi mwaka 1892, na baadaye Walutheri wakaleta pamoja na nyimbo zao mapokeo ya tarumbeta ambayo hadi leo yanasikika kwenye sharika za Dayosisi ya Kaskazini Magharibi. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, na mwaka huohuo kampuni za Japani na Marekani zikakubaliana juu ya midi, lugha inayowezesha vinanda vya makampuni tofauti kuongea. Korg M1 ikafuata mwaka 1988. Baada ya hapo sauti hizo zikaenea dunia nzima. Huku kwetu, wapenzi wa dansi walimjua Waziri Ally wa Kilimanjaro Band kwa kinanda chake, na taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, kwa vikundi kama East African Melody, ilikiweka kinanda mahali ambapo zamani palikaa fidla, akordiani na kanuni. Kundi la watu thelathini likawa la watu wachache. Ilikuwa nafuu, ilikuwa rahisi kusafiri nayo, na sauti kadhaa za nyuzi zikanyamaza.

Lakini wapiga taarabu walikuwa na bahati moja. Soko la Uarabuni ni kubwa, na viwanda vililihudumia. Yamaha ilitengeneza PSR-A2000 na PSR-A3000 kwa ajili ya muziki wa Mashariki ya Kati, zikiwa na midundo ya huko na uwezo wa kushusha noti kwa robo toni kwa kugusa kibonyezo. Korg nao wanaweka uwezo huo kwenye Pa. Mpigaji wa Zanzibar au Mombasa anafungua boksi na kukuta muziki wake, au angalau binamu yake, umo ndani.

Mhaya hafungui boksi akakuta ngoma yake ya omutoro.

Hapa pana jambo la kulitazama kwa karibu. Ngoma nyingi za Kihaya zinakwenda kwa mapigo yanayogawanyika tatu-tatu, huku ngoma nyingine ikigawa muda uleule mbili-mbili juu yake. Mchezaji anasikia yote mawili kwa pamoja. Mguu unafuata moja, mabega yanafuata jingine. Kwenye arenja, mpigaji anayetafuta mwendo huo ataona zile staili za sita kwa nane: kuna ya gospo ya Kimarekani, kuna ya balada, kuna ya miondoko ya kale ya Ulaya. Zote zinahesabu sita, na hakuna hata moja inayokwenda kama ngoma yetu, kwa sababu zimeweka pigo zito pale ambapo mpiga ngoma wa Ihangiro analiacha wazi. Mpigaji akiwa na haraka, na siku zote ana haraka, anachagua iliyo karibu. Waimbaji nao wanalazimika kusogeza maneno ili yaangukie kwenye pigo la mashine. Kihaya kina silabi zake ndefu na fupi, na neno lililosogezwa linasikika kama limetamkwa na mgeni.

Kwa sababu hiyo, kigezo changu cha kwanza kwa arenja inayonunuliwa Kagera ni hiki: je, mpigaji anaweza kujitengenezea staili ndani yake? Vinanda vya mfululizo wa PSR-E vinaweza kupokea staili kutoka nje kwa flashi au kompyuta, lakini havina sehemu ya kuunda yako. PSR-SX700 na SX900, zilizotoka mwaka 2019, zinayo, na Korg Pa pia. Unarekodi ngoma ya kwanza kwa vidole, unairudisha ikizunguka, unaongeza ya pili juu yake, kisha kayamba, kisha besi. Inachukua jioni nzima. Usiinyooshe. Mashine itakupa kibonyezo cha kusogeza kila pigo liangukie kwenye mstari, na ukikitumia kwa asilimia mia umeshapoteza ulichokuwa unakitafuta. Mwite mpiga ngoma mwenyewe akae kando yako na apige mezani kwa viganja ili uone mkono wake unachelewa wapi.

Hili lina faida nje ya mkoa. Saida Karoli alipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wimbo wake Maria Salome, Watanzania wasiojua neno hata moja la Kihaya waliucheza. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufanyia kazi upya wakautoa kwa jina la Salome, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa au kilikuwa bado kinatambaa kikaupokea. Kilichovuka mipaka mara mbili kilikuwa na asili ya Kagera ndani yake. Mpigaji anayebaki na biti ya boksi ana kile alichonacho kila mpigaji wa Nairobi na Lusaka.

Kwaya zina jambo lao jingine, nalo ni ufunguo wa wimbo. Kwenye nota za kwaya zetu, juu kabisa ya karatasi pameandikwa Do ni F, au Do ni G, au Do ni E bapa. Wapigaji wetu wengi walijifunza wenyewe, kwa kuangalia vidole vya aliyetangulia, na wanajua kupiga kwenye C tu, au kwenye ufunguo mmoja mwingine waliouzoea. Wanachofanya ni kutranspozi: vidole vinabaki palepale, mashine inapandisha au kushusha. Sioni aibu katika hilo. Ubaya unakuja pale kibonyezo cha kutranspozi kinapofichwa ndani ya menyu, hatua tatu chini, na mwalimu wa kwaya ameshainua mikono. Au pale waimbaji wanapoanza bila kupewa sauti, wanaanzia wanakotaka, na mpigaji anawatafuta gizani nusu toni baada ya nusu toni huku ubeti wa kwanza unakwisha. Ukiwa dukani, kabla hujasikiliza sauti yoyote, tafuta kwa kidole mahali pa kutranspozi na uone kama unaweza kupafikia bila kuangalia. Angalia pia kama namba ya sasa inaonekana kwenye kioo muda wote. Mashine nyingine zinaificha, na mpigaji akisahau kuirudisha kwenye sifuri, wimbo unaofuata unaanza juu ya uwezo wa sauti ya kwanza.

Kwenye usharika wenye tarumbeta mambo yanakaza zaidi. Tarumbeta nyingi zimejengwa kwenye B bapa, kwa hiyo wapigaji wake wanapenda funguo zenye bapa. Mpiga gitaa anapenda E, A na G. Mpiga kinanda yuko katikati yao. Kwa mpigaji wa namna hiyo, fedha za kuongeza sauti mia mbili zingefaa zaidi zikimlipa mwalimu wa kumfundisha funguo nne. Mkoa huu ulikuwa na shule ya muziki ya Kilutheri ya Ruhija, iliyowafunza wengi nadharia na ala pamoja, na faida ya mafunzo ya aina hiyo unaiona kwa mpigaji anayeshika E bapa bila kugusa kibonyezo.

Sasa barabara na mvua. Bukoba inapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kinanda kinachotoka mjini kwenda kwenye harusi Nshamba au Rubya kinasafiri juu ya boda boda, nyuma ya noa, au juu ya mapaja ya mtu ndani ya Coaster. Uzito una maana yake. PSR-SX900 ina kilo 11.5 kabla ya begi, stendi na adapta. Roland Juno-DS61 ina kilo 5.3, Yamaha MX61 kilo 4.8, Korg Kross 2 ya vitufe 61 haifiki hata kilo nne. Ile ya vitufe 88 vizito kama vya piano ni raha kwa mkono, na kwa kanisa ambalo kinanda hakitoki ndiyo ninayoipendekeza, lakini kwa mpigaji anayepanda milima ya Kamachumu kila Jumamosi ni adhabu. Vitufe 61 vinatosha kwa bendi. Vitufe 76 ni vizuri zaidi kwa mpigaji anayegawa kinanda sehemu mbili, besi kushoto na ogani kulia, kwa kuwa 61 vikigawanywa kila mkono unabanwa.

Nunua begi lenye sponji siku ileile unaponunua kinanda. Nailoni na kitenge vinazuia vumbi, havizuii maji. Na kinanda kilichotoka kwenye ubaridi wa asubuhi na kuingizwa ukumbini kwenye joto la watu mia tatu kiachwe kipumue kidogo kabla ya kuwashwa, kwa sababu unyevu hujikusanya ndani. Chini ya vitufe kuna vipande vya raba vyenye kaboni vinavyogusa bodi kila unapobonyeza. Vikishika unyevu na vumbi, noti moja inaanza kulia kwa nguvu zote hata ukiigusa taratibu, au hailii kabisa. Fundi mzuri anafungua, anasafisha kwa spiriti na pamba, na kinanda kinarudi. Fundi asiyejua anakwangua kaboni ile, na hapo utahitaji raba mpya kutoka mbali.

Umeme ni habari nyingine. Kwa miaka mingi Kagera haikuwa kwenye gridi ya Taifa; umeme ulitoka Uganda, kupitia Masaka hadi kituo cha Kyaka, na wapigaji waliokulia kipindi hicho wamezoea kukatikiwa katikati ya kiitikio. Kukatika kwa sekunde mbili tu kunatosha kuzima kinanda, na arenja kubwa huchukua muda kuwaka tena. UPS ndogo ya kompyuta inaziba pengo hilo, kwa sababu kinanda hula umeme kidogo sana ukilinganisha na amplifaya. Kwa vigango visivyo na umeme wa uhakika, tazama vinavyotumia betri za kawaida: E373 inatumia betri sita ndogo za AA, Kross 2 vilevile sita, Juno-DS61 nane. Weka betri humo hata ukiwa na umeme. Ukikatika kwa muda mrefu, unaweza kuendelea kwa betri.

Adapta imeua vinanda vingi kuliko mvua. Watu huangalia volti wakasahau ncha. Adapta za Yamaha nyingi zina chanya katikati ya ncha na hasi pembeni. Za Roland nyingi ni kinyume chake. Mtu anaazima adapta ya jirani, volti zinakaribiana, ncha inaingia vizuri, na bodi inaungua kimyakimya. Alama iko ubavuni mwa kinanda na kwenye adapta yenyewe, kiduara chenye plasi na hasi. Zilinganishe kabla ya kuchomeka. Kuhusu kuunganisha kinanda cha volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya gari, kumbuka kwamba gari likiwa linawaka betri hiyo inatoa zaidi ya volti 14. Weka kifaa cha kudhibiti volti katikati au uache.

Vya mtumba ni biashara halali, na kwa fedha za kwaya ndogo mara nyingi ndiyo njia pekee. Vingine vinakuja kutoka Dar es Salaam, vingine vinapita Mwanza na kuvushwa ziwa kwa meli hadi Kemondo au Bukoba, vingine vinanunuliwa Kampala na kuingia kwa Mutukula. Risiti na nyaraka za forodha ziwe na namba ya mashine yenyewe. Ukikutana na Korg Triton ya mwaka 1999 kwa bei ya kuvutia, usiibeze, sauti zake bado zinapigwa kwenye rekodi; lakini gusa kila kona ya kioo chake, kwa sababu kioo ndicho kinachochoka kwanza, na uulize inahifadhi kazi kwenye nini, maana nyingi za zama zile zilitumia diski laini ambazo leo hata kuzipata ni shida. Kwa mashine za zamani kama M1 uliza pia betri ya ndani ilibadilishwa lini. Ikifa, kila sauti uliyoitengeneza inafutika.

Ukaguzi wenyewe ufanywe na mpigaji, kwa hedifoni, sauti ikiwa chini. Apige kila kitufe kimoja kimoja kutoka kushoto kwenda kulia kwa nguvu ileile, akisikiliza kinachoruka. Arudie polepole kabisa. Asokote kila kibonyezo cha kuzungusha. Kikikwaruza kina vumbi, kikirukaruka kimeisha. Achomeke waya kwenye tundu la kutolea sauti na kuutikisa. Ashikilie kodi nzito kwa pedali na kuhesabu noti zinazobaki. Dakika ishirini zinatosha, na muuzaji anayekataa dakika ishirini asipewe fedha.

Nimeacha mwisho jambo ninalolitamani zaidi, nalo ni kuiingiza nanga kwenye kinanda. Profesa Mugyabuso Mulokozi alitumia miaka mingi kuonyesha ukubwa wa tendi za nanga na ustadi wa waimbaji wake, lakini chombo chenyewe hakimo kwenye orodha ya sauti 622 wala kwenye nyingine yoyote niliyoiona. Nanga ni gogo lililochongwa kama hori, na uzi wake unazungushwa kutoka ncha hadi ncha mara saba au nane. Haijafungwa kufuata piano. Ngazi yake ni ya noti tano, na masafa kati yake yanatoka kwenye sikio la mpigaji.

Vifaa vya kuichukua vipo. E473 inarekodi sauti fupi moja kwa moja na kuipiga tena. Juno-DS inapokea faili za sauti kutoka kwenye flashi. Kwa SX900, programu ya bure ya Yamaha kwenye kompyuta inajenga sauti mpya kutokana na faili zako. Rekodi kila uzi peke yake, kwanza kwa mguso mwepesi, kisha kwa nguvu, mara tatu tatu, na uuache ulie mpaka uishe wenyewe. Kipaza sauti kiwe karibu na mti, kikielekea pale mkono unapogusa. Chagua chumba chenye dari na siku isiyo na mvua, kwa sababu bati la Muleba litaingia kwenye kila uzi. Ukizipanga, wengi watakushauri uzivute zilingane na piano. Usizivute. Weka nyuzi zote kwenye vitufe vyeupe vinavyofuatana, kila mmoja kwa kimo chake halisi, na upige ukijua kwamba huwezi kuipiga pamoja na kodi za piano bila kuzichagua kwa makini. PSR-SX na Korg Pa zinaruhusu kusogeza kimo cha kila noti ya kinanda, kwa hiyo inawezekana pia kuileta ogani iifuate nanga.

Mpiga nanga alipwe kwa kazi hiyo, na makubaliano yaandikwe: sauti zitatumika wapi, na jina lake litatajwaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtumbuizaji, na inagusa pia sanaa za jadi. Faili ziwekwe kwenye flashi mbili, moja kwa mpigaji na moja kwa kwaya, kwani mpigaji anaweza kuhama na kinanda kinaweza kuibiwa. Kamati ikishapanga bajeti ya kinanda, stendi, begi, pedali, nyaya mbili na UPS, iongeze mstari mmoja wa malipo ya mpiga nanga na mpiga ngoma.